Sifuri na Kisanduku Kitupu

Kila mwezi unapokwisha, zahanati, vituo vya afya na hospitali za umma nchini Kenya hujaza karatasi ya muhtasari ambayo Wizara ya Afya imeipa nambari MOH 711. Ndani yake mna visanduku vya wajawazito waliokuja kliniki, vya waliojifungua, vya waliopewa njia za kupanga uzazi, na pembeni pake kisanduku cha akina mama waliofariki. Ukikuta sifuri katika kisanduku hicho, maana yake ni kwamba mtu alikaa na rejista ya wodi ya wazazi, akapitisha kidole mstari kwa mstari kuanzia tarehe mosi, akaridhika kwamba mwezi huo hakuna mama aliyepotea. Ukikuta kisanduku kitupu, hakuna aliyehesabu. Hayo ni mambo mawili yaliyo mbali kama nyumba isiyo na mgonjwa na nyumba ambayo hakuna aliyeibishia hodi. Ajabu ni kwamba programu ya kompyuta ambayo Kenya imeitumia tangu 2011 kukusanyia takwimu hizi, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Oslo, kwa kawaida yake haihifadhi sifuri. Isipoelekezwa waziwazi kufanya hivyo kwa kipengele fulani, ukiiandikia sifuri inachukua kwamba hukuandika kitu. Mafundi walikuwa na sababu yao: katika hesabu za afya sifuri ni nyingi mno, nazo hujaza nafasi bure. Lakini kasoro hiyo ndogo ya kompyuta inafanana sana na kasoro kubwa ya watu, na kufanana huko ndiko kulikoandikisha makala haya. Bajeti ya afya inapobana, wa kwanza kuambiwa waende nyumbani ni wale wale ambao kazi yao ni kutofautisha sifuri na kisanduku kitupu.

Ninaowazungumzia ni makarani wa data, maafisa wa kumbukumbu za afya, wapanga faili na wapiga simu za kufuatilia wagonjwa. Watu wa dirishani, wasiovaa koti jeupe. Mara nyingi huitwa watumishi wa utawala wa afya, neno linalowaweka kapu moja na mkurugenzi mwenye gari na dereva. Habari ya jinsi kazi zao zilivyotoweka msomaji anaijua. Januari 20, 2025, Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90. Siku chache baadaye miradi ikapokea barua za kuacha kazi mara moja, na kufikia Julai mosi shirika lake la misaada, USAID, likawa halipo tena. Katika kaunti ya Kajiado, kama kwingi nchini, kliniki za virusi vya Ukimwi zilikuwa zimesimama kwa miaka mingi juu ya mishahara ya namna hiyo. Mradi wa Fahari ya Jamii ulioanza 2021 chini ya Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa fedha za USAID, ulipewa kaunti mbili tu za kuhudumia, Nairobi na Kajiado. Ndani ya kliniki za aina hii daktari au afisa wa kliniki mara nyingi alikuwa wa kaunti, lakini aliyeketi mbele ya kompyuta, aliyepanga miadi na aliyempigia simu asiyefika, alilipwa na mradi. Mwaka huo huo wa 2025, wahudumu zaidi ya 7,000 walioajiriwa kwa kandarasi ya mpango wa Afya kwa Wote tangu 2020 walipiga kambi nje ya jumba la Afya, makao makuu ya Wizara jijini Nairobi, wakidai ajira ya kudumu. Wale waliopiga kambi taifa liliwaona. Karani wa dirishani hakupiga kambi popote. Alikabidhi funguo za kabati.

Ili kupima alichoondoka nacho, ni lazima kwanza kuiangalia kazi yenyewe, na hapa naomba msomaji anivumilie, maana ni kazi ya karatasi. Rejista ya kituo cha afya ni kitabu kipana kuliko meza nyingi zinazokibeba. Ukikifungua kinachukua kurasa mbili kwa mstari mmoja: nambari ya mfululizo upande wa kushoto, tarehe, jina, umri, kijiji, nambari ya simu, halafu safu baada ya safu za vipimo, dawa na matokeo, mpaka upande wa kulia kabisa kwenye safu nyembamba iliyoandikwa maoni. Wagonjwa wa nje wana rejista mbili, moja ya walio chini ya miaka mitano na nyingine ya waliozidi hapo. Wajawazito wana yao, wodi ya wazazi ina yake, chanjo ina yake. Mwezi ukiisha, kila rejista inapigiwa vijiti, vinne wima na cha tano kikivikata, halafu vijiti vinageuzwa tarakimu na tarakimu zinahamishwa kwenye karatasi ya muhtasari. Ripoti hutakiwa ofisi ya kaunti ndogo kufikia tarehe 5 ya mwezi unaofuata, na kufikia tarehe 15 iwe imeingia katika mfumo wa taifa. Kazi hii haina maajabu, lakini ina ujuzi wake. Karani mzoefu huona jumla isiyokaa sawa kabla hajajua kwa nini haikai sawa: watoto waliopata chanjo ya tatu wamezidi waliopata ya kwanza, au wanawake waliojifungua ni 40 na watoto waliozaliwa ni 31. Hapo hurudi kwenye kitabu kikubwa, akatafuta ukurasa uliogeuzwa mara mbili, au mwandiko wa muuguzi wa zamu ya usiku ambaye saba yake hufanana na moja.

Chukua rejista ya chanjo peke yake. Mtoto wa Kenya huchomwa chanjo ya kifua kikuu anapozaliwa, hurudi akiwa na wiki sita, wiki kumi na wiki kumi na nne, halafu surua akiwa na miezi tisa na tena akiwa na miezi kumi na minane. Hizo ni safari sita ndani ya mwaka mmoja na nusu, na kila safari ni nafasi ya kupotea. Kwa hiyo vituo vilivyopangika huwa na kisanduku cha kadi zilizogawanywa kwa miezi: mtoto anayetarajiwa Machi kadi yake inakaa Machi, akija inasogezwa mbele, asipokuja inabaki pale pale. Machi ikiisha, kadi zilizobaki katika kitengo hicho ndizo majina ya watoto wa kutafutwa. Huhitaji umeme wala mtandao. Unachohitaji ni mtu ambaye mwisho wa mwezi atalifungua lile sanduku na kuzisoma zile kadi. Katikati ya 2025, chanjo za kifua kikuu na polio zilipoadimika nchini na akina mama wakaambiwa warudi siku nyingine, sanduku hilo lilikuwa na kazi kuliko wakati wowote. Mtoto aliyekosa chanjo kwa sababu mama hakuja, jina lake angalau linaweza kukumbukwa. Aliyeletwa, akarudishwa mikono mitupu na hakuandikwa popote, chanjo ilipopatikana nani angemwita?

Kliniki ya virusi vya Ukimwi ilikuwa na utaratibu wa kina zaidi. Mgonjwa hupewa nambari ya tarakimu kumi, tano za kwanza zikiwa za kituo na tano za mwisho zake mwenyewe, ili hata faili lake likianguka sakafuni lisimtaje. Miadi huandikwa kwenye shajara na kwenye kompyuta. Asiyefika leo, jina lake linachukuliwa jioni. Kesho anapigiwa simu. Zikipita zaidi ya wiki nne bila kuonekana, anahesabiwa kuwa amepotea, na mhamasishaji wa afya ya jamii anatumwa kijijini. Simu hiyo ndiyo sehemu ya kazi isiyoandikwa katika maelezo yoyote ya ajira. Mpigaji hajui atakayeipokea: mume ambaye hajaambiwa, mama mkwe, msichana wa kazi, au mwajiri kwenye shamba la maua. Hawezi kutaja kliniki wala dawa. Inambidi awe mtu wa kawaida mwenye shida ya kawaida, aache ujumbe ambao mlengwa peke yake ataelewa, na akumbuke wiki ijayo alijiita nani. Yaliyoelezwa hapo ni utunzaji wa mgonjwa kwa sauti ya chini. Kuuita uingizaji data ni kuutazama kwa kisogo.

Sasa ihamishe kazi hiyo hadi Isinya, na uzito wake unaongezeka. Sensa ya 2019 iliikuta kaunti ndogo ya Isinya ikiwa na watu 210,473, na mji wa Kitengela ukiwa na 154,436. Kajiado nzima ilikuwa imepanda kutoka 687,312 mwaka 2009 hadi 1,117,840. Ni miongoni mwa sehemu za Kenya ambapo watu huja na kuondoka bila kuaga. Kando ya barabara ya Namanga wamepanga wafanyakazi wa Nairobi ambao kodi ikipanda kidogo huhamia ploti ya pili. Kwenye vibanda vya plastiki vya mashamba ya maua kuna vibarua ambao msimu ukiisha hurudi kwao. Ukiiacha lami, kuna familia za wafugaji ambazo ukame wa 2020 hadi 2023 ulizisukuma mbali pamoja na mifugo yao, na kadi za kliniki hazistahimili safari za namna hiyo. Mama anayeishi Kitengela anaweza kujifungulia Athi River, ng'ambo ya mpaka katika kaunti ya Machakos, mtoto akahesabiwa huko, na huku akabaki mjamzito wa milele kwenye rejista. Safu ya kijiji inaandikwa Isinya, na Isinya ni kubwa. Safu ya jina ina Naserian wanne, ambao mmoja kadi yake ya zamani ilimwandika kwa jina la baba na mwingine kwa jina la mume. Kompyuta itawachukua kuwa wanne, au watatu, au sita. Anayejua kwamba huyu ndiye yule aliyehamia nyuma ya soko ni mtu aliyekaa dirishani miaka minne.

Hoja yangu basi ni hii. Kumwondoa karani kuna sifa ambayo kupunguza wafanyakazi wengine hakuna: kunajifichia ushahidi wake. Wauguzi walipogoma 2017 kwa miezi mitano, madaktari walipogoma 2024 kwa siku 56, madhara yalionekana kwa macho: wodi zilifungwa, jamaa wakabeba wagonjwa hadi hospitali za kulipia, na takwimu zikaonyesha jinsi waliohudumiwa walivyopungua. Zilionyesha kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuzijaza. Akiondoka mwenye kujaza, akiba inaonekana siku hiyo hiyo kwenye kitabu cha mishahara, kwa tarakimu, na hasara haionekani popote kwa sababu aliyekuwa akiandika hasara ndiye akiba. Miezi sita baadaye ofisa wa fedha anaweza kusema, bila kudanganya, kwamba hakuna takwimu zinazoonyesha huduma ziliathirika. Waliopotea hawakupotea kwenye karatasi. Hawako tu. Na ikiwa ripoti za vituo vichache hazikufika, wachambuzi wa juu watakisia kwa wastani wa vile vilivyofika, ambavyo kwa kawaida ndivyo vilivyobakiwa na makarani. Hali ya vituo vilivyo hoi inakuja kuelezwa kwa afya ya vilivyo nafuu.

Kuna watakaosema hii ni huzuni ya kazi ya jana. Kenya ilipitisha Sheria ya Afya ya Kidijitali mwaka 2023. Mwezi Septemba mwaka huo wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 walizinduliwa wakiwa na vifaa na simu za kuandikia. Tangu Oktoba mosi 2024 bima mpya ya afya, SHA, imechukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF, na madai yake yanapita kwenye mtandao. Kwa nini kulilia rejista ya karatasi? Jibu langu ni kwamba kompyuta haijawahi kuandika kitu ambacho mtu hakuiambia. Katika vituo vingi imeongeza kazi badala ya kuibadilisha: muuguzi huandika kwenye kitabu, kwa kuwa kitabu ndicho kinachokaguliwa na hakizimiki umeme ukikatika, halafu huandika tena kwenye kompyuta, kwa kuwa hiyo ndiyo inayotazamwa na Nairobi. Mhamasishaji wa jamii naye hupeleka majina kutoka nyumbani hadi kituoni, lakini mtu wa kuyalinganisha na rejista asipokuwapo, majina hayo yanakutana na nani? Tena ile SHA yenyewe ni ushahidi upande wangu. Agosti 2025 Wizara ilipovisimamisha vituo kadhaa kwa madai ya ulaghai, miongoni mwa makosa yaliyotajwa ni kuwageuza wagonjwa wa nje kuwa waliolazwa. Uongo wa namna hiyo hugunduliwa kwa kuweka dai pembeni ya rejista. Hospitali yenye rejista safi hulipwa na hujitetea. Isiyo nayo hubishana.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni jingine, na sehemu yake naikubali. Kazi hizi za mradi, wanasema wanaozijua kwa ndani, zilivimba. Mfadhili alitaka kujua mambo mengi mno kuhusu ugonjwa mmoja, akaweka karani wake, kompyuta yake na kiyoyozi chake katika chumba kimoja, huku hatua kumi kutoka hapo rejista ya wazazi ikijazwa na mwanafunzi wa mafunzo ya vitendo. Mgonjwa wa virusi vya Ukimwi alikosa miadi akatafutwa siku ya pili. Mgonjwa wa shinikizo la damu alikosa miadi akatafutwa na jirani, akiwa amepooza upande mmoja. Ndivyo ilivyokuwa, na ilikuwa dhuluma. Serikali nayo ilipotangaza mwaka 2025 kwamba kliniki hizi zitaunganishwa na huduma za kawaida za wagonjwa wa nje, kimsingi ilisema jambo ambalo wataalamu walikuwa wakilisema muda mrefu. Lakini kuunganisha kuna njia mbili. Unaweza kuchukua utaratibu wa chumba kile, yaani sanduku, shajara na simu ya siku ya pili, ukaupanua hadi kwa wenye kisukari na shinikizo la damu. Au unaweza kukifunga chumba na kuwaambia wote wapange foleni moja isiyofuatiliwa na mtu. Njia ya kwanza inahitaji makarani zaidi. Ya pili haihitaji yeyote, na ndiyo bajeti huielekea yenyewe, kama maji yanavyotafuta bonde.

Halafu kuna hoja ya fedha, ambayo kila gavana anaijua kwa moyo. Kanuni za usimamizi wa fedha za kaunti za 2015 zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato, na kaunti nyingi zimepita hapo zamani. Kwa bajeti iliyobana, kati ya muuguzi na karani utamwacha nani? Ukiuliza hivyo, swali limeshajijibu, na ndiyo sababu huulizwa hivyo. Lakini kazi ya karani haiondoki pamoja naye. Ripoti ya tarehe 5 itatakiwa vilevile, na atakayeijaza ni muuguzi. Kaunti hapo haijaokoa mshahara wa karani. Imeamua kazi ya karani ifanywe kwa mshahara wa muuguzi, ndani ya saa zilizotengwa kupima presha za wajawazito. Siku mbili za mwisho wa mwezi benchi linarefuka, na wanaokaa juu yake wanadhani wauguzi wamejaa uvivu, kwa kuwa wanawaona wameinamia vitabu. Vituo vimepewa tangu 2023 haki ya kisheria ya kubaki na mapato yao wenyewe, na baadhi vinaweza kumlipa kijana wa muda kutoka kwenye fedha hizo. Kituo chenye mapato makubwa kitaweza. Zahanati ya mbali na lami, inayohudumia watu wasio na cha kulipa, haitaweza, na hiyo ndiyo iliyo na watoto wagumu zaidi kupata.

Naongeza neno kuhusu lile kapu la utawala. Raia wa kawaida akisikia utawala wa afya umepunguzwa, hupiga makofi, na sina haki ya kumlaumu: ameona magari ya semina, ameona vyeo vilivyobuniwa kwa ajili ya watu, ameona kamati zikikutana hotelini kujadili uhaba wa glavu. Kama shoka lingeanguka huko, makala haya yangekuwa mafupi. Lakini historia ya mashoka ya Kenya haielekei huko. Katika mageuzi ya utumishi wa umma ya miaka ya 1990, chini ya shinikizo la Benki ya Dunia na wenzake, mpango wa kustaafu mapema kwa hiari ulilenga madaraja ya A hadi G, yaani makarani, matarishi, wapishi na wafagizi. Wenye kuandika orodha ya watakaokwenda huwa hawamo kwenye orodha. Jirani zetu Tanzania walipitia somo lao kwa mlango mwingine: Aprili 2017 serikali ya Rais Magufuli iliwaondoa watumishi 9,932 kwa vyeti vya kughushi, na baadhi ya zahanati zikaamka bila wa kufungua mlango. Sababu ilikuwa na haki yake. Ila ilionekana siku ile ile kwamba mtu anaweza kuwa na cheti kibaya na bado awe ndiye pekee anayejua funguo ziko wapi.

Hata hivyo Kenya haijawadharau watu hawa katika sheria. Mwaka 2016 Bunge lilipitisha sheria mahususi ya maafisa wa kumbukumbu na taarifa za afya, ikawapa bodi na usajili kama taaluma nyingine. Vyuo vya mafunzo ya tiba vya KMTC vinaendelea kuwafundisha na kuwapa vyeti vijana wanaotoka hapo kwenda kutafuta kazi ya mauzo ya simu Kitengela. Na tulipohitaji tarakimu kweli kweli tulijua thamani yake. Kuanzia Machi 2020 nchi nzima ilikuwa ikinyamaza alasiri kumsikiliza waziri akisoma idadi ya walioambukizwa Korona, kaunti kwa kaunti, Kajiado ikiwamo. Hakuna aliyeuliza nani aliyezijumlisha. Vivyo hivyo mlipuko wa kipindupindu ulioanzia Kiambu mwezi Oktoba 2022 na kuifikia Kajiado ulifuatwa kwa fomu za kila wiki zilizojazwa vituoni. Maradhi ya namna hiyo hutangazwa na mtu anayeona kwamba wiki hii wanaohara wamezidi wa wiki iliyopita. Kuona huko ni kulinganisha kurasa mbili. Muuguzi aliye peke yake zamu nzima hana nafasi ya kulinganisha kurasa.

Desemba 4, 2025, Kenya na Marekani zilitia saini jijini Washington mpango mpya wa ushirikiano wa afya wa miaka mitano: Marekani itoe hadi dola bilioni 1.6, Kenya iongeze matumizi yake ya afya kwa dola milioni 850, na fedha zipitie serikalini badala ya mashirika. Wiki iliyofuata Mahakama Kuu jijini Nairobi ilisimamisha sehemu ya mpango huo inayohusu kupeana data za afya, baada ya watetezi wa walaji kuishtaki. Mjadala uliofuata ulikuwa mkali na wa haki: taarifa za mgonjwa wa Kenya zitasomwa na nani, zitawekwa wapi, kwa ruhusa ya nani? Ni maswali ya lazima kwa mtu mwenye nambari ya tarakimu kumi ambaye hajamwambia hata ndugu yake. Lakini mjadala wote ulichukulia kwamba data ipo, kama mafuta chini ya ardhi, na kinachobaki ni kujua nani atakayeichota. Hakuna upande uliouliza itaandikwa na nani. Fedha zikipita serikalini, je, kuna mstari wa bajeti ya kaunti wenye jina la karani? Ikiwa upo, atakuwa wa kudumu, au kibarua wa miezi mitatu asiyeruhusiwa kushika faili la siri? Waliofunzwa na miradi kwa miaka, wanaojua Naserian yupi ni yupi, wataitwa kwanza, au nafasi zitatangazwa upya na kugawanywa kwa utaratibu ambao sote tunaujua? Na wagonjwa ambao simu zao zilinyamaza kuanzia ile Januari ya 2025, nani mwenye jukumu la kuanza tena kuwapigia, akiwa na orodha ipi?

Tarehe 5 itafika, kama inavyofika kila mwezi. Muuguzi wa zamu ana wajawazito kwenye benchi na karatasi ya MOH 711 chini ya kiwiko. Ofisi ya kaunti ndogo imeshapiga simu mara mbili kuulizia ripoti. Rejista ya wodi ya wazazi iko kwenye kabati, haijajumlishwa, na kisanduku cha akina mama waliofariki kiko wazi. Haraka haraka, aandike nini hapo?